Kuchora mipaka ya saiti kwenye Configuration Manager: mwongozo kwa anayeanza, kwa mfano wa matawi ya Nyanda za Juu Kusini

"Kaka, nimesambaza programu tangu jana. Kompyuta za makao makuu zimepata zote, za tawini zimegoma kwenye asilimia sifuri."

Wiki inayofuata anapiga mwingine: "Za tawini zimepata, lakini laini ilikufa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka mchana, na meneja anataka maelezo."

Simu hizi mbili zinanifikia kila mara kutoka kwa maofisa TEHAMA wanaoanza kazi Mbeya, Iringa, Njombe na hata Sumbawanga. Malalamiko yanaonekana kupishana, ila chanzo ni kimoja: kwenye Configuration Manager, mfumo wa Microsoft wa kusambaza programu na masasisho kwa kompyuta nyingi, mipaka ya saiti ilichorwa harakaharaka, au haikuchorwa kabisa. Nimeona niandike mara moja, kwa utaratibu, ili mwenye shida asome na kufuata.

Kabla ya yote shika jambo moja, kwa sababu hatua zote zinalitegemea. Mpaka huchorwa pale waya unapokuwa mwembamba. Usiuchore kwa kufuata mkoa, wilaya, wala idara. Songwe ilitoka Mbeya mwaka 2016 na Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012, lakini rauta hazijui habari hizo. Kompyuta inajua njia ipi ni ya haraka na ipi inasuasua, basi. Nimeona mipango mingi iliyochorwa kwa kunakili ramani ya mikoa ukutani, na karibu yote ililazimika kuchorwa upya.

Maneno machache tu

Mpaka ni maelezo ya mahali kwenye mtandao: anwani fulani hadi fulani, au sabneti fulani (kipande cha mtandao kinachopimwa kwa maski), au saiti ya Active Directory (orodha ya Microsoft ya kompyuta na watumiaji wa taasisi). Mpaka peke yake haufanyi kazi yoyote. Unaanza kufanya kazi ukiutia ndani ya kikundi cha mipaka. Kikundi ndicho kinachoiambia kompyuta mambo mawili: wewe ni wa saiti ipi, na mizigo yako, yaani mafaili ya programu na masasisho, uichukue kwenye seva ipi ya kugawia (distribution point).

Neno saiti lina maana mbili hapa, na wengi huchanganya. Ipo saiti ya Configuration Manager, yenye msimbo wa herufi tatu kama MBY, na ipo saiti ya Active Directory, ambayo ni kundi la sabneti kwenye domeni yako. Nikisema saiti tupu namaanisha ya kwanza.

Andaa hivi kabla ya kugusa konsoli

- Orodha ya matawi yote, na kwa kila tawi: anwani za mtandao, maski yake, idadi ya kompyuta, na kasi ya laini. Kasi ipime mwenyewe saa nne asubuhi siku ya kazi. Usinakili iliyoandikwa kwenye mkataba.
- Mchoro unaoonyesha laini ya kila tawi inaishia wapi. Huu ndio wengi hawana. Mwombe mtu wa mitandao, mkae naye mezani, mchore kwa kalamu.
- Orodha ya anwani zinazogawiwa na DHCP, pamoja na zile za VPN (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje).
- Ruhusa kwenye Configuration Manager: Full Administrator au Infrastructure Administrator.
- Ruhusa ya kusoma Active Directory Sites and Services, angalau kusoma tu.
- Jina na simu ya mtu mmoja katika kila tawi atakayekuambia ukweli mambo yakiharibika.

Nitatumia mfano wa kubuni: taasisi yenye makao makuu Mbeya na matawi kadhaa. Anwani na kasi ni za mfano, weka za kwako.

- Mbeya, 10.40.0.0 yenye maski ya /22, kompyuta 180
- Tukuyu, 10.40.8.0 /23, kompyuta 35, laini kwenda Mbeya
- Tunduma, 10.40.16.0 /24, kompyuta 30, laini ya megabiti 10 kwa sekunde kwenda Mbeya
- Vwawa, 10.40.17.0 /24, kompyuta 12, laini yake yenyewe kwenda Mbeya
- Iringa, 10.41.0.0 /23, kompyuta 70, laini nzuri kwenda Mbeya
- Mafinga, 10.41.4.0 /24, kompyuta 14, laini ya kasi sana kwenda Iringa
- Makambako, 10.41.5.0 /24, kompyuta 22, laini kwenda Iringa
- Makete, 192.168.1.0 /24, kompyuta 4, modemu ya simu

Hatua ya 1: Panga matawi kwa waya

Chukua mchoro, uliza swali moja kwa kila jozi ya matawi: kompyuta ya hapa ikichukua faili la gigabaiti 5 kutoka pale, kuna mtu kazi yake itasimama? Kama hakuna, matawi hayo yanaweza kukaa kikundi kimoja. Kama yupo, kila moja liwe na kikundi chake.

Tazama Tunduma na Vwawa. Yote yako Songwe, na kwa basi la barabara kuu ni majirani. Mtu wa haraka ataunda kikundi akakiita "Songwe", aweke seva ya kugawia Tunduma, ajue amemaliza. Lakini katika mfano wetu laini ya Vwawa inakwenda Mbeya, na ya Tunduma inakwenda Mbeya. Kompyuta ya Vwawa ikitaka mzigo ulioko Tunduma, mzigo unapanda kutoka Tunduma hadi Mbeya, kisha unashuka Mbeya hadi Vwawa. Umebana laini mbili nyembamba badala ya moja, na ofisi mbili zimesimama kwa pamoja.

Mafinga na Iringa ni kinyume chake. Ni miji miwili, lakini laini kati yao ni ya kasi, kwa hiyo kikundi kimoja kinawatosha. Makambako iko mkoa wa Njombe ila waya wake unaishia Iringa, kwa hiyo jirani yake wa kimtandao ni Iringa.

Andika matokeo kwenye karatasi. Usifungue konsoli bado.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mpaka

Kuna aina tano: sabneti ya IP, saiti ya Active Directory, kiambishi cha IPv6, mfululizo wa anwani za IP kuanzia moja hadi nyingine, na VPN ambayo iliongezwa kwenye toleo la 2006 (hiyo ni namba ya toleo, si mwaka). Kwa anayeanza ushauri wangu ni huu: tumia mfululizo wa anwani. Inachosha kuandika, lakini inasema kile unachokiona. Anwani iko ndani au iko nje.

Sabneti ya IP ina mtego. Ukiiandika kwa maski, mfumo unahifadhi kitambulisho cha sabneti peke yake, maski hautunzi. Kompyuta nayo inapiga hesabu ya sabneti yake kwa maski iliyonayo yenyewe. Chukua Tukuyu: umeandika 10.40.8.0. Kompyuta moja ina anwani 10.40.9.15, na fundi aliyeiweka alikosea maski akaandika 255.255.255.0 badala ya 255.255.254.0. Kompyuta hiyo itajitambulisha kuwa ni ya 10.40.9.0, sabneti usiyoijua kabisa. Itakuwa nje ya mpaka, na utakesha ukitafuta sababu. Ukitumia mfululizo wa 10.40.8.1 hadi 10.40.9.254, kosa hilo la maski halikugusi.

Saiti ya Active Directory ni nzuri pale tu watu wa domeni wanapoitunza. Nenda kwenye kompyuta ya tawini, fungua dirisha la amri, andika `nltest /dsgetsite`. Ikikujibu Default-First-Site-Name na wewe uko Tunduma, acha. Maana yake sabneti ya Tunduma haikusajiliwa mahali pake, na ukitumia saiti hiyo kama mpaka utakuwa umetia nyavuni kompyuta za kila tawi. Angalia pia faili la netlogon.log kwenye seva ya domeni, ndani ya `C:\Windows\Debug`. Mistari yenye NO_CLIENT_SITE inakutajia kompyuta ambazo anwani zake hazina saiti yoyote. Mpe mwenzako wa domeni orodha hiyo, kwa heshima, ndiye atakayekuokoa.

Onyo. Ipo huduma ya kugundua msitu wa Active Directory (Active Directory Forest Discovery) ambayo inaweza kuunda mipaka yenyewe. Inavutia, kwa sababu inakupunguzia kuandika. Lakini ikikuta sabneti kubwa kama 10.40.0.0 /16 imesajiliwa Mbeya, itaigeuza kuwa mfululizo mmoja mrefu wa anwani. Mfululizo huo unameza Tukuyu, Tunduma na Vwawa pamoja. Ukiwasha huduma hii, iache igundue tu, mipaka uitengeneze kwa mkono.

Hatua ya 3: Majina

Chagua mtindo mmoja usiyumbe: mji, kisha aina, kisha anwani. Mfano: `TUNDUMA-IP-10.40.16`. Vikundi vianze na GAWIO kwa vya kugawia mizigo, na SAITI kwa vya kuelekeza kompyuta kwenye saiti. Atakayerithi kazi yako atakushukuru.

Hatua ya 4: Unda mipaka

Fungua konsoli, nenda Administration, kisha Hierarchy Configuration, kisha Boundaries. Bonyeza Create Boundary, andika maelezo, chagua IP address range, jaza anwani ya mwanzo na ya mwisho. Rudia kwa kila tawi. Ukiwa na matawi zaidi ya 20, andika orodha kwenye jedwali na uitumie amri ya PowerShell inayoitwa New-CMBoundary, maana mkono ukichoka unakosea tarakimu.

Ukimaliza, panga safu kwa anwani na usome kutoka juu hadi chini ukitafuta mifululizo inayopandana. Fanya hivyo kwa macho, polepole. Ni dakika kumi zinazookoa wiki.

Makete iache kando kwanza. Nitakuja nayo.

Hatua ya 5: Unda vikundi, na utenganishe kazi zake

Hapa ndipo penye uzito, usipite mbio.

Kikundi kimoja kinaweza kufanya kazi mbili: kuielekeza kompyuta kwenye saiti, na kuielekeza kwenye seva ya kugawia. Usizichanganye. Unda kikundi kimoja, tuseme `SAITI-MBY`, tia mipaka yote ndani yake, na kwenye kichupo cha References weka alama ya kutumia kikundi hicho kuelekeza saiti. Usikipe seva yoyote ya kugawia. Halafu unda vikundi vya kugawia, kimoja kwa kila kundi la matawi ulilolipata kwenye hatua ya 1, bila alama ya saiti.

Kwa nini? Mpaka mmoja unaruhusiwa kukaa ndani ya vikundi kadhaa vya kugawia. Kompyuta itapewa seva za vikundi vyote ilimo. Hilo ni halali, ingawa linaleta mkanganyiko. Lakini mpaka ukiwa ndani ya vikundi viwili vinavyoelekeza saiti mbili tofauti, hilo halikubaliki kabisa: kompyuta mpya itajikuta kwenye saiti yoyote kati ya hizo. Leo una saiti moja. Kesho taasisi ikiungana na nyingine mtakuwa nazo mbili, na aliyetenganisha kazi atarekebisha kikundi kimoja tu.

Jua pia kwamba kompyuta ikishapewa saiti, kuhama tawi au kubadili mpaka hakuihamishi. Kuelekezwa kwa saiti ni kwa kompyuta inayoanza.

Kwa mfano wetu vikundi vya kugawia ni hivi:

- `GAWIO-MBEYA`: mpaka wa Mbeya, seva ya kugawia ya Mbeya
- `GAWIO-TUKUYU`: mpaka wa Tukuyu, seva ndogo ya Tukuyu
- `GAWIO-TUNDUMA`: mpaka wa Tunduma, seva ndogo ya Tunduma
- `GAWIO-VWAWA`: mpaka wa Vwawa, seva ya Mbeya, na kuruhusu kompyuta kupeana zenyewe kwa zenyewe
- `GAWIO-IRINGA`: mipaka ya Iringa na Mafinga, seva ya Iringa
- `GAWIO-MAKAMBAKO`: mpaka wa Makambako, seva ndogo ya Makambako

Usiogope neno seva ndogo. Kompyuta ya kawaida yenye Windows 10 au 11 inaweza kuwa seva ya kugawia ya tawi. Isibebeshwe kompyuta nyingi kwa mpigo, lakini kwa tawi la kompyuta 30 inatosha, mradi ina diski ya kutosha na UPS, na haipo chini ya meza ambapo mhudumu wa usafi ataichomoa kuchomeka pasi. Watu wengine hukimbilia kuunda saiti ya pili (secondary site) kwa kila tawi. Saiti ya pili inakuja na hifadhidata yake na matunzo yake, na imeundwa kuhudumia maelfu ya kompyuta. Tawi la watu 30 halihitaji.

Hesabu fupi uiweke mbele ya meneja

Sasisho kubwa la Windows tuliweke gigabaiti 5. Tunduma kuna kompyuta 30. Kila moja ikivuta kutoka Mbeya, ni gigabaiti 150. Kwenye laini ya megabiti 10 kwa sekunde, ikitumika yote na hakuna mtu mwingine anayeigusa, ni zaidi ya saa 33. Seva ya kugawia ikiwepo Tunduma, mzigo unavuka mara moja tu: gigabaiti 5, kama saa moja na dakika saba. Sijawahi kuona meneja akikataa kununua diski baada ya kuonyeshwa hesabu hii.

Hatua ya 6: Vikomo vya usiku

Kwa kila seva ya kugawia ya tawini, fungua sifa zake, weka ratiba na kikomo cha kasi: mizigo isafiri saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Onyo: seva uliyoiweka ijivutie yenyewe kutoka seva nyingine (pull distribution point) haitii ratiba wala vikomo hivi. Kwa hiyo kama Makambako inajivutia kutoka Iringa, kikomo utakiweka kwenye BITS, huduma ya Windows inayovuta mafaili chinichini, ya seva yenyewe.

Tawi lenye laini mbaya sana litumie mzigo uliotangulizwa. Konsoli inakutengenezea faili lenye kiambishi `.pkgx`, unalitia kwenye diski ya nje, diski inapanda basi la asubuhi stendi ya Nanenane, na mtu wa tawini analifungua kwa programu ya ExtractContent. Kumbuka kwanza kuweka alama kwenye sifa za seva hiyo kwamba inapokea mizigo iliyotangulizwa. Gigabaiti 60 ndani ya basi zinafika Kyela kabla ya chakula cha mchana, na hakuna laini iliyoguswa.

Hatua ya 7: Kukimbilia jirani

Seva ya Tunduma imezimika. Kompyuta zifanye nini? Jibu unalitoa kwenye kichupo cha Relationships cha kikundi. Unachagua kikundi jirani na muda wa kusubiri kwa dakika kabla ya kukimbilia kwake. Muda unaokuja wenyewe ni dakika 120. Uhusiano huu ni wa upande mmoja: kusema Tunduma ikimbilie Mbeya hakumaanishi Mbeya itakimbilia Tunduma.

Seva za kugawia na seva za masasisho zina muda wake kila moja, kwa hiyo utumie nafasi hiyo. Mimi huweka hivi: kwa mizigo, Tunduma ikimbilie Mbeya baada ya dakika 480, yaani siku nzima ya kazi, ili nipate muda wa kumpigia mtu awashe seva. Kwa seva ya masasisho naacha 120, kwa sababu kuuliza orodha ya masasisho si mzigo mzito kama kubeba faili lenyewe. Pale ambapo kukimbilia kungeleta madhara kuliko faida, weka alama ya Never fallback.

Usisahau kikundi cha mwisho, kile ambacho mfumo umekiunda wenyewe, Default-Site-Boundary-Group na msimbo wa saiti yako nyuma yake. Kila kompyuta isiyo ndani ya mpaka wowote inaangukia humo, na vikundi vingine vyote vinakikimbilia mwishowe usipovizuia. Ukiweka seva ya Mbeya humo bila kufikiri, umefungua mlango wa nyuma: usiku wa manane Makambako yote inaweza kuamua kuvuta Mbeya. Ofisi moja niliyofanya kazi ilipata Jumatatu mbaya kwa sababu hiyo tu. Wateja walisimama foleni tangu asubuhi, wazee waliotoka vijijini kuchukua hela za mazao wakaambiwa mtandao haupo, wengine wakalala mjini. Nilipofungua konsoli nilikuta muda wa dakika 120 ambao hakuna aliyewahi kuugusa. Tangu siku ile sijawahi kuacha muda huo bila kuusoma.

Hatua ya 8: Kompyuta kupeana zenyewe

Vwawa haina seva, na sioni sababu ya kuinunulia kwa kompyuta 12. Kwenye sifa za `GAWIO-VWAWA`, kichupo cha Options, ruhusu kupeana ndani ya kikundi. Ukiwa na kikundi chenye sabneti zaidi ya moja, kama Iringa na Mafinga, weka pia alama ya kupeana ndani ya sabneti moja tu. Kisha kwenye mipangilio ya ajenti (programu ya Configuration Manager iliyo ndani ya kila kompyuta) washa Delivery Optimization, huduma ya Windows ya kompyuta kupeana mafaili, itumie vikundi vya mipaka kama utambulisho wake, la sivyo kompyuta za Vwawa zitatafuta wenzao kwingine.

Ukitumia Peer Cache, njia ya Configuration Manager yenyewe ya kompyuta kuwagawia wenzake, chagua kompyuta moja au mbili za mezani ziwe ghala. Kompyuta mpakato usiichague, kwa kuwa mwenyewe ataondoka nayo kwenda semina Dodoma siku unayoihitaji.

Hatua ya 9: VPN, modemu na ile 192.168.1

Sasa Makete. Tawi linatumia 192.168.1.0 kwa sababu modemu ilikuja nayo na hakuna aliyeibadilisha. Shida ni kwamba rauta nyingi za nyumbani nazo zinatoa anwani hizohizo. Ukiweka mpaka wa 192.168.1.1 hadi 192.168.1.254 ndani ya kikundi cha Makete, basi mfanyakazi wa Mbeya akiwa nyumbani kwake Uyole, mfumo utaamini yuko Makete. Hali kadhalika wanaojiunga kwa hotspot ya simu: simu nyingi za Android zimekuwa zikitoa 192.168.43.

Dawa ni kubadili anwani za tawi, uipe Makete 10.41.9.0 kwa mfano. Ni kazi ya mchana mmoja kwa kompyuta nne. Wenye VPN wape mpaka wa aina ya VPN, ukiutambulisha kwa jina la muunganisho au uache mfumo utambue wenyewe. Kompyuta zenyewe lazima ziwe na ajenti wa toleo la 2006 au la baadaye. Kikundi chao kiweke kivyake, na usikiruhusu kupeana, kwa maana mmoja yuko Iringa na mwingine yuko Dar.

Hatua ya 10: Jaribu tawi moja kwanza

Chagua tawi lenye mtu unayemwamini. Sambaza programu ndogo, ya megabaiti 50, kwa kompyuta tatu. Kwenye konsoli, orodha ya Devices, ongeza safu ya Boundary Group(s) uone kila kompyuta iko kikundi gani. Kama safu ni tupu, au imetaja kikundi usichokitegemea, usisonge mbele. Yakienda vizuri siku mbili, endelea na tawi la pili.

Mambo yakigoma

*Kompyuta imekwama asilimia sifuri.* Nenda `C:\Windows\CCM\Logs`. Fungua LocationServices.log utazame imepewa vikundi gani na seva zipi. Ikiwa orodha ya seva ni tupu, fungua CAS.log na ContentTransferManager.log. Mara nyingi utakuta moja ya haya: anwani ya kompyuta haimo ndani ya mpaka wowote, au mpaka haumo ndani ya kikundi, au mzigo haujafika kwenye seva ya tawi. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Angalia hali ya mzigo kwenye konsoli kabla ya kulaumu mipaka.

*Kikundi kina jirani lakini kompyuta haimkimbilii.* Angalia usambazaji wenyewe. Kila usambazaji una mipangilio yake ya kuruhusu au kukataza kuchukua kwa jirani na kwa kikundi cha mwisho. Mpangilio wa kikundi ukikubali na wa usambazaji ukikataa, kompyuta inakaa kimya.

*Tawi linavuta Mbeya ingawa seva yake iko hai.* Kuna mipaka inayopandana. Tafuta mfululizo mrefu uliobaki zamani, hasa ule ulioundwa na huduma ya kugundua.

*Kompyuta mpya haipati saiti.* Soma ClientLocation.log. Kama mpaka wake haumo ndani ya `SAITI-MBY`, utie, kisha anzisha upya huduma ya SMS Agent Host.

*Umerekebisha mpaka lakini kompyuta inaendelea na ya zamani.* Inatunza kikundi ilichopewa. Amri `Get-CimInstance -Namespace root\ccm\LocationServices -ClassName BoundaryGroupCache` itakuonyesha inachokijua sasa. Anzisha upya huduma ya ajenti, subiri dakika chache, uangalie tena.

*Tawi lote limepotea ghafla, jana lilikuwa sawa.* Piga simu uulize kama wamehama jengo au wamebadilishiwa laini. Mtoa huduma akibadili rauta, anwani hubadilika naye, na wewe ndiye wa mwisho kuambiwa. Kwa sababu hiyo mimi na watu wa mitandao tumekubaliana: fomu ya kuhamisha laini haisainiwi mpaka iwe na anwani mpya, na nakala inakuja kwangu siku mbili kabla ya fundi kupanda gari.